Gesi ipi ya friji na kiyoyozi? R-22, R-410A, R-32 na R-600a kwenye mizani ya ozoni na mizani ya joto

Nyuma ya friji, na ubavuni mwa kiyoyozi, kuna kibandiko chenye herufi R ikifuatwa na namba. Wanunuzi wengi hawakisomi. Wataulizia lita, rangi, ulaji wa umeme, hata sauti ya kompresa, lakini aina ya gesi wanamwachia muuzaji, na muuzaji naye mara nyingi hujibu tu kwamba "hii ni gesi mpya". Mpya kuliko ipi? R-410A iliwahi kuwa gesi mpya, leo inaondolewa sokoni. R-134a nayo ilikuwa mpya, tena ikasifiwa kuwa haiharibu mazingira, na sifa hiyo ilikuwa nusu ya ukweli.

Gesi ya kupozea hupimwa kwa mizani mbili: inaharibu ozoni kiasi gani, na inaongeza joto la dunia kiasi gani. Inaweza kufaulu kwenye mizani ya kwanza na kuanguka vibaya kwenye ya pili. Mashine iliyoandikwa "haina CFC", yaani haina zile gesi za zamani zenye klorini inayovunja ozoni, pengine na picha ya jani la kijani pembeni, inakupa habari za mizani ya kwanza peke yake. Habari hizo zilikuwa na maana miaka ya tisini. Leo karibu kila friji mpya haina CFC, kwa hiyo maneno hayo hayakusaidii kuchagua.

Ozoni ni jambo moja, joto ni jingine

Kuna sentensi inayosikika kila mahali: tabaka la ozoni limetoboka, ndiyo maana joto limezidi. Imeingia hata kwenye majibu ya mitihani. Si kweli, na ukienda nayo dukani itakupotosha.

Ozoni ni gesi ya atomi tatu za oksijeni. Sehemu yake kubwa, kama asilimia 90, iko kwenye stratosfia, tabaka la pili la angahewa, hasa kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini. Tunaiita tabaka, lakini imetawanyika mno: ungeikusanya yote na kuishusha hadi usawa wa bahari, ingefanya unene wa milimita 3 hivi. Unene huo mdogo ndio unaozuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno inayounguza ngozi, kuharibu macho na kudhuru mimea. Kinachoivunja ozoni ni klorini na bromini. Gesi za CFC hazioshwi na mvua wala haziungani na kitu huku chini, kwa hiyo zinaelea miaka na miaka hadi zinafika juu, na huko mionzi mikali ya jua inazipasua. Atomi ya klorini ikishatoka inamnyang'anya ozoni atomi moja ya oksijeni, inaiachia, kisha inamrudia ozoni mwingine. Atomi moja inaweza kuvunja molekuli hadi 100,000 za ozoni kabla haijanaswa na kitu kingine. Haya yalielezwa na Mario Molina na Sherwood Rowland mwaka 1974, yakabishiwa sana na wenye viwanda, hadi mwaka 1985 Joe Farman na wenzake wawili walipotangaza vipimo vya kituo cha Halley, Antaktiki: ozoni ya majira ya machipuko kule ilikuwa imeporomoka.

Tundu lenyewe, basi, liko Antaktiki. Hufunguka kila Septemba na Oktoba, kwa sababu stratosfia ya kule hupoa chini ya nyuzi 78 hasi, mawingu ya barafu yakajitengeneza, na juu ya chembe za mawingu hayo klorini ikaandaliwa kuanza kazi jua linaporudi. Kwenye ukanda wa ikweta ozoni haijapungua kwa kiasi cha kutajika. Ukali wa jua la ikweta unatokana na jua kuwa utosini na ozoni ya huko kuwa nyembamba kwa asili, tangu kabla friji ya kwanza haijatengenezwa.

Habari ya joto ni nyingine kabisa. Jua huleta mwanga, ardhi inaupokea na kuurudisha juu kama mionzi ya infraredi, yaani joto lisiloonekana. Mvuke wa maji, kaboni dioksidi na methani huliacha jua lipite likija lakini hulinyonya joto likirudi, kisha hulitawanya pande zote, chini pia. Eunice Foote alionyesha mwaka 1856, kwa mitungi ya kioo na vipimajoto, kwamba mtungi wenye kaboni dioksidi hupata joto zaidi juani. John Tyndall akapima unyonyaji huo maabara mwaka 1859, na Svante Arrhenius akaupigia hesabu mwaka 1896. Bila gesi hizi, ziitwazo gesijoto, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 hasi badala ya 15 hivi, maana yake tusingekuwepo kuulizana habari za viyoyozi. Tatizo ni kuzidi kwake: kaboni dioksidi ilikuwa sehemu 280 hivi kwa kila milioni ya hewa kabla ya viwanda, sasa imevuka 420.

Kwa kifupi, ozoni inahusu mionzi inayoingia, gesijoto inahusu mionzi inayotoka. Kaboni dioksidi ya moshi wa magari haitoboi ozoni. Na tundu la ozoni haliongezi joto la dunia. Ozoni yenyewe ni gesijoto, kwa hiyo kupungua kwake huko juu kunapoza kidogo sana badala ya kupasha.

Hata tiba zake hazifanani, na hapa pana jambo ambalo ni vizuri mnunuzi alijue. Gesi za kuvunja ozoni zilitengenezwa na viwanda vinavyohesabika, vikiwa na kemikali mbadala mkononi. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kuziacha gesi hizo, ilisainiwa Septemba 16, 1987, na leo ina wanachama 198, dunia nzima. Nchi zilizoendelea ziliacha kutengeneza CFC mwaka 1996, zinazoendelea mwaka 2010. Tathmini ya kisayansi ya mwaka 2022 inakadiria ozoni itarudi kwenye hali ya mwaka 1980 kufikia 2040 hivi sehemu kubwa ya dunia, 2045 Aktiki na 2066 Antaktiki. Joto halina bahati hiyo, kwa kuwa kaboni dioksidi inatoka kwenye kila injini, tanuri na mtambo wa makaa. Ila kuna sehemu moja ambapo matatizo haya mawili yanakutana uso kwa uso, nayo ni bomba la shaba la friji yako.

Tuliruka majivu tukakanyaga moto

Friji za mwanzo zilitumia amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili. Zilikuwa na sumu, na watu walikufa majumbani kwa kuvuja kwake. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya General Motors, walipata CFC: haiwaki, haina harufu, haina sumu ya maana. Ilionekana imekamilika. R-12 ikajaa kwenye friji na magari, na R-22, binamu yake mwenye haidrojeni ndani, ikatawala viyoyozi.

Ilipojulikana gesi hizi zinaifanya nini ozoni huko juu, wahandisi wakaondoa klorini wakaweka florini na haidrojeni pekee. Hizo ndizo HFC: R-134a kwenye friji na magari, R-410A kwenye viyoyozi. Ozoni ikaanza kupona. Lakini kifungo cha kaboni na florini ni mnyonyaji hodari wa joto, na gesi hizi zinakaa hewani miaka mingi. Ikabidi dunia irudi mezani. Oktoba 15, 2016 wanachama wa Itifaki ya Montreal walikubaliana Kigali kupunguza HFC zenyewe kwa zaidi ya asilimia 80 katika miongo inayofuata. Nchi zilizoendelea zilianza mwaka 2019, nyingi zinazoendelea zilisimamisha ongezeko mwaka 2024, na kundi dogo linalojumuisha India, Pakistani na nchi za Ghuba lina hadi 2028.

Sasa tuziweke gesi pamoja. Safu ya ozoni inachukua R-11, CFC ya kale, kuwa 1. Safu ya joto inachukua kaboni dioksidi kuwa 1 kwa kipindi cha miaka 100, kwa takwimu zinazotumiwa na itifaki yenyewe.

| Gesi | Ozoni | Joto | Moto |
|---|---|---|---|
| R-12 | 1 | 10,900 | haiwaki |
| R-22 | 0.055 | 1,810 | haiwaki |
| R-134a | 0 | 1,430 | haiwaki |
| R-410A | 0 | 2,088 | haiwaki |
| R-32 | 0 | 675 | inawaka kwa shida |
| R-290 (propani) | 0 | chini ya 5 | inawaka upesi |
| R-600a (isobutani) | 0 | chini ya 5 | inawaka upesi |

Itazame R-22 na R-410A. Kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili kuliokoa ozoni na kuongeza kidogo mzigo wa joto kwa kila kilo. Kampuni ziliuza mabadiliko hayo kama ushindi mtupu, na kwa mizani ya kwanza ulikuwa ushindi kweli.

Namba 2,088 haishikiki kirahisi, kwa hiyo tuipeleke barabarani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksidi. Kilo moja ya R-410A ikitoroka hewani ni sawa na kuchoma lita 900 hivi za petroli. Kilo moja ya R-22 ni kama lita 790. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba hubeba gesi ya kukaribia au kuzidi kilo moja. Fundi anayefungua nati na kuiacha gesi yote ipige filimbi hadi iishe, ili aanze kazi, amechoma petroli ya mwaka mzima ya gari la mtu kwa dakika chache.

Kwa friji ya nyumbani: R-600a, na mjadala uishe

Hapa uamuzi ni mwepesi. Ukikuta friji mbili zinazolingana kwa mengine yote, moja ya R-134a na nyingine ya R-600a, chukua R-600a.

Chukua kibandiko cha friji ya ukubwa wa kati ya R-600a. Kitaandika jina la gesi, kisha uzito wake, mara nyingi kati ya gramu 40 na 80, na pembeni kutakuwa na pembetatu ya manjano yenye alama ya moto. Tuseme ni gramu 60. Zikivuja zote, joto lake ni chini ya gramu 300 za kaboni dioksidi, pungufu ya glasi moja ya petroli. Friji ya aina hiyohiyo yenye R-134a ingehitaji gesi kama mara mbili kwa uzito. Chukua gramu 120, zidisha kwa 1,430, unapata zaidi ya kilo 170. Tofauti ni ya mamia. Juu ya hapo, kompresa za isobutani zina sifa ya kutulia na kutokula umeme mwingi.

Ile pembetatu ya manjano ndiyo inayowatisha watu, na ni haki yao kuuliza. Isobutani huwaka ikifika gramu 43 hivi kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Jiko la mita tatu kwa tatu lenye dari ya mita mbili na nusu lina mita za ujazo 22.5. Gramu 60 zikisambaa humo ni gramu 2.7 kwa mita moja, mbali sana na kiwango cha kuwaka; ungehitaji karibu kilo nzima. Kweli gesi hii ni nzito kuliko hewa na hupenda kukaa chini, kwa hiyo usiisukume friji kwenye kijishubaka kisichopitisha hewa, na usiichokonoe barafu kwa kisu ukatoboa bomba. Lakini mtu mwenye mtungi wa gesi ya kupikia ndani ya nyumba ana kilo kadhaa za gesi za ukoo huohuo, zikiwa chini ya shinikizo, karibu na moto wa makusudi. Kumwogopa isobutani wa friji huku ukilala na mtungi huo ni kuchagua woga.

Teknolojia hii si changa. Mwaka 1993 kiwanda cha Scharfenstein, kilichokuwa Ujerumani Mashariki ya zamani, kilitoa friji ya haidrokaboni kwa msukumo wa Greenpeace, na mpango ule haukufungwa kwa hataza, ndiyo maana viwanda vya nchi nyingi viliweza kuuchukua. Mamia ya mamilioni ya friji hizi zimeshatumika.

Hoja moja tu ya maana inabaki upande wa R-134a: matengenezo. Fundi aliyezoea R-134a anafungua bomba kwa mtambo wa kuchomelea, anayeyusha kiungo, anaendelea. Kwenye friji ya R-600a hilo ni kosa. Gesi inatakiwa kutolewa kwanza na kupelekwa nje penye upepo, bomba likatwe kwa kikata bomba cha mkono, naitrojeni ipitishwe ndani, ndipo moto uwashwe. Mizani ya kupimia gesi nayo lazima iwe ya gramu, kwa sababu ukizidisha gramu 20 kwenye friji ya gramu 60 umeivuruga. Kama fundi wako anajaza kwa kukisia, akigusa bomba kuona limepoa, tafuta mwingine. Usiache friji kwa sababu yake.

Kwa kiyoyozi: hapa kuna kazi ya kufikiri

R-22 iache. Nchi zilizoendelea zilifunga utengenezaji wake mwaka 2020, na zinazoendelea zinamaliza mwaka 2030, zikibakiza kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Mashine mpya ya R-22, popote unapoikuta ikiuzwa kwa bei ya kutupa, inauzwa hivyo kwa sababu.

R-410A ndiyo inayohitaji maelezo, kwa maana bado imejaa madukani na ni mashine nzuri kikazi. Ni mchanganyiko wa nusu R-32 na nusu R-125. Haiwaki, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Mafundi wengi wana vifaa vyake. Lakini masoko makubwa yanaiacha: Marekani, kwa mfano, kuanzia Januari 2025 imeweka kikomo cha 700 kwenye safu ya joto kwa viyoyozi vipya vya majumbani, na R-410A iko mbali juu ya hapo. Ukiinunua leo unanunua mashine ambayo gesi yake itazidi kuadimika kadiri ratiba ya Kigali inavyobana. Kiyoyozi hukaa miaka 10 hadi 15. Piga hesabu mwenyewe.

R-32 ni ile nusu ya kwanza ya R-410A ikiwa peke yake. Inahitaji gesi pungufu kidogo kwa kazi ileile, kwa hiyo pale ambapo R-410A ingeweka kilo moja, R-32 huweka kama gramu 750. Zidisha kwa 675, unapata kilo 500 na ushei za kaboni dioksidi dhidi ya 2,088. Robo. Tena kwa kuwa ni gesi moja, si mchanganyiko, ikivuja kidogo inaweza kuongezewa bila wasiwasi kwamba sehemu moja imetoroka zaidi ya nyingine. Iko kwenye kundi la gesi zinazowaka kwa shida: inahitaji gramu 300 na zaidi kwa mita moja ya ujazo, mara saba ya isobutani, na moto wake husambaa taratibu.

Ila sitaki kuipamba. Wanaoiuza hukusomea namba ya miaka 100. R-32 hudumu hewani kama miaka mitano tu, maana yake athari yake yote ya joto hutokea mapema, na ukiipima kwa miaka 20 namba inavuka 2,000. Ripoti mpya zaidi ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, ya mwaka 2021, imeipandisha hata ile ya miaka 100 hadi 771. Kwa mtu anayejali joto la miongo miwili ijayo, R-32 ni nafuu, haijafika kuwa suluhisho.

Suluhisho kwenye karatasi ni R-290, propani safi. Ozoni sifuri, joto karibu sifuri, na ufanisi wake wa umeme ni mzuri sana. India na China tayari zimetengeneza viyoyozi vyake. Kinachoizuia ni wingi. Friji ni gramu 60. Kiyoyozi cha chumba ni gramu mia chache, na propani huwaka ikifika gramu 38 kwa mita ya ujazo. Gramu 300 zikikusanyika chini ya chumba kidogo kilichofungwa, si jambo la kupuuza. Ndiyo maana viwango vya usalama huweka kikomo cha gesi kulingana na ukubwa wa chumba na urefu wa kitengo cha ndani kutoka sakafuni. Ukiipata, imefungwa na fundi mwenye mafunzo ya gesi zinazowaka, na chumba chako kinatimiza vipimo vya kitabu cha mashine, ichukue mbele ya zote. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo, R-32 ndiyo chaguo la busara kwa sasa.

Na usikubali kabisa propani iingizwe kwenye kiyoyozi cha zamani cha R-22. Ushawishi upo kwa sababu shinikizo lake linakaribiana na la R-22, na mafuta ya kompresa yanaikubali. Mashine itapoza, pengine hata vizuri kuliko mwanzo. Lakini swichi na rilei zake hazikujengwa kuzuia cheche, kibandiko bado kinasema R-22, na fundi wa kesho atakuja na moto wake wa kuchomelea bila kujua anafungua nini. R-410A nayo haiingii kwenye mashine ya R-22: shinikizo lake ni kubwa zaidi kwa kama asilimia 60, na mafuta ni ya aina nyingine.

Kabla hujaamua kwa gesi peke yake

Umeme pia una moshi wake. Uniti moja kutoka mtambo wa makaa ya mawe hubeba takriban kilo moja ya kaboni dioksidi. Kiyoyozi kinachokula uniti moja kwa saa, saa nane kwa siku, kitakula uniti 29,200 katika miaka kumi: tani 29. Gesi yake yote ya R-410A, ikivuja mara moja, ni tani 2. Maana yake, kwenye gridi ya makaa, kiyoyozi cha inveta, yaani chenye kompresa inayobadili kasi, kinachookoa asilimia 30 ya umeme kimekwepa karibu tani 9, zaidi ya unachokwepa kwa kubadilisha gesi peke yake. Usichukue R-32 ya kompresa duni ukaacha nyingine ya R-32 yenye inveta nzuri kwa sababu ya tofauti ya bei ya siku ya kununua.

Kwenye gridi ya maji, jotoardhi au jua, hesabu inageuka. Umeme karibu hauna moshi, na gesi inayovuja ndiyo inakuwa dhambi kubwa ya mashine. Kwa hiyo jua kwanza umeme wako unatoka wapi, kisha ujue ukali uweke wapi.

Popote ulipo, mashine isiyovuja inaishinda inayovuja. Nimeona viyoyozi vinavyojazwa gesi kila mwaka kana kwamba ni kawaida, mwenye nyumba akilipa bila kuuliza. Mfumo wa gesi umefungwa, hauli gesi. Ukipungua, kuna tundu. Fundi mzuri atalitafuta kwa povu la sabuni kwenye viungo, hasa zile nati za kitengo cha nje, au atajaza naitrojeni na kuangalia geji kama sindano inashuka. Anayejaza tu na kuondoka amekuuzia kilo ya gesi ili uipeleke hewani polepole.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni la mashine ya zamani ambayo bado inafanya kazi. Kiyoyozi cha R-22 kisichovuja kiache kifanye kazi, mradi hakikuli umeme kupita kiasi. Gesi iliyo ndani ya bomba haimdhuru mtu. Siku kitakapovuja sana au kompresa kufa, usikitengeneze. Kibadilishe, na umtake fundi ainyonye gesi iliyobaki kwenye mtungi kwa mashine ya kuvutia gesi, asiiachie hewani.

Friji za zamani sana, zile za kabla ya katikati ya miaka ya tisini, zina jambo la ziada ambalo hata wauza vyuma chakavu hawalijui. CFC yake kubwa haipo kwenye mabomba. Iko kwenye sponji ngumu ya kutani, iliyoumuliwa kwa R-11, na mara nyingi huwa nyingi kuliko ile ya kompresa. Ukitoa gesi ya bomba kwa uangalifu kisha ukaibomoa friji kwa shoka, umeokoa sehemu ndogo. Umuhimu wa sponji ulionekana mwaka 2018, wanasayansi wakiongozwa na Stephen Montzka walipogundua kwamba R-11 hewani haipungui kama ilivyotarajiwa. Ufuatiliaji ukaelekeza mashariki mwa China, na ilikuwa ikitumika kuumua sponji kinyume cha itifaki. Baada ya kelele, vipimo vilianza kushuka tena. Kwa hiyo ukiwa na friji ya umri huo, uliza kama kuna kituo kinachopokea friji nzima na kushughulikia sponji yake. Kama hakipo, bora ikae kabati la kuhifadhia vitu, ikiwa imeondolewa mlango ili mtoto asijifungie ndani.